Kutoka Ngomeni hadi Sugoi: Habari za Mahakama ya Juu

Ukitaja Sugoi leo katika baraza yoyote ya Mji wa Kale, Mombasa, watu hawakuulizi iko wapi. Watakutajia mwenyewe kwanza, William Ruto, aliyeapishwa tarehe 13 Septemba 2022 kuwa rais wa tano wa Kenya, kisha watakutajia kuku aliokuwa akiwauza njiani akiwa kijana, kisha watagawanyika: hawa wamsifu, na hawa wamlaumu. Hayo si yangu leo. Ninalotaka kulisema, ndugu msomaji, ni kwamba baina ya Sugoi na Ikulu ya Nairobi pana mlango mmoja ambao mtu huyu amesimama mbele yake zaidi ya mara moja. Mwaka 2013 na 2017 alisimama akiwa mgombea mwenza, na mwaka 2022 akisimama kwa nafsi yake. Mlango huo ni Mahakama ya Juu ya Kenya. Mara ya kwanza ulifunguka, mara ya pili ukafungwa usoni, na mwaka 2022 ukafunguka tena. Nyumba yenye mlango wa namna hiyo yafaa tujue ilijengwa lini, na nani, na kwa udongo gani.

Nami nilipokwenda Eldoret kumtazama mpwa wangu anayefanya biashara ya nguo huko, nilimwomba anipeleke Sugoi. Si mbali, ni magharibi ya mji, upande wa Turbo, katikati ya mashamba ya mahindi ambayo mtu wa pwani aliyezoea minazi huyaona hayana mwisho. Baridi yake si mchezo. Eldoret penyewe wazee hupaita Sikisti Foo, kwa kuwa mji ulianzia katika shamba nambari 64 la walowezi, na posta yake ikawekwa hapo mwaka 1910. Nilikuwa na kanzu, koti na kofia ya kiua, na watoto wa njiani wakanifuata wakicheka kwa adabu.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee mmoja mkulima, mwenye ng'ombe wa maziwa na ghala la mahindi, aliyepita miaka sabini. Alinipa mursik, maziwa ya kugandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti, nikanywa nikasema alhamdulillahi. Yeye aliniita "Sheikh" tangu mwanzo, ingawa mimi ni mtu wa kalamu na madrasa tu, nami nikamwita "Mzee", na tukaelewana. Nikamwambia nataka kuandika habari za mahakama ile kubwa. Akacheka. Akasema, "Sheikh, hiyo mahakama sisi tunaijua kwa redio. Ukitaka mahakama ya hapa nikuonyeshe mti."

Basi akanieleza habari za kokwet. Kwa Wakalenjin kokwet ni mtaa, na ndiyo pia baraza la mtaa. Wazee hukaa kitako chini ya mti, mwenye neno hulisema, na mwenye kulijibu hulijibu, hata ikichukua siku mbili. Hapapigwi kura. Hunenwa mpaka maneno yakaribiane, kisha mzee mkubwa huyakusanya na kuyasema kwa sauti moja. Anayeshindwa hapo hurudi kwake akiwa bado ni jirani. Nilipomsikiliza nilikumbuka mabaraza yetu ya zamani, na wazee wa mitaa ya Mombasa walivyokuwa wakiwapatanisha watu kabla jambo halijafika kwa Kadhi.

Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonikalisha chini kuandika makala haya. "Hao majaji saba wa Nairobi, Sheikh, wakikosea, mtu anakwenda wapi?"

Kabla ya kumjibu mzee wangu, acha nianze na jina lenyewe, maana mimi ni mtu wa maneno. Mahakama tumelipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa hukumu, hakimu na hekima. Rufaa nayo yatoka katika kitenzi cha kuinua. Mwenye kukata rufaa analiinua jambo lake likaangaliwe na walio juu. Kadhi, wakili, shahidi, dhamana, mirathi, yote ni maneno tuliyokuwa nayo kabla Mwingereza hajatia nanga. Jaji na kesi na korti ndiyo aliyotuletea yeye. Utaona basi kwamba lugha yenyewe ni shahidi: sheria haikuja pwani na meli ya Ulaya. Ilikuwapo, na walioijua walikuwapo.

Kilichokuja na Mwingereza ni ngazi. Mwaka 1895 alitangaza himaya yake ya Afrika ya Mashariki, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo akapatana na Sultani Hamed bin Thuwaini wa Unguja juu ya ukanda wa maili kumi wa pwani: Mwingereza atatawala, bendera itabaki ya Sultani, na Waislamu watahukumiwa kwa sheria yao katika mambo yao. Mwaka 1897 ikaundwa kwa amri ya Malkia mahakama ya kwanza ya himaya hiyo. Ilikaa wapi? Si Nairobi, ambayo siku hizo haikuwa mji. Ilikaa Mombasa.

Naam, Mombasa. Watu wetu wengi hawalijui hili, na vitabu vya shule hulipita mbio. Mahakama ya juu ya nchi inayoitwa Kenya leo ilizaliwa kwetu, hatua chache kutoka Ngomeni, wakati Ngome yenyewe ilikuwa imekwisha kufanywa gereza. Jengo la mahakama la mwaka 1902 lipo hata leo katika barabara iitwayo sasa Nkrumah, limo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, na ndani yake huwekwa maonyesho. Mtu akitoka hukumuni alikuwa aweza kuliona gereza lake kutoka kizingitini.

Na sheria iliyosomwa humo ilikuwa ya wapi? Ya Bara Hindi. Sheria ya makosa ya jinai ya Hindi, sheria ya ushahidi ya Hindi, sheria ya mwendo wa madai ya Hindi, zote zilibebwa kama zilivyo zikatandazwa pwani ya Afrika, kwa kuwa Mwingereza alikuwa amekwisha kuzishona huko na hakuona haja ya kushona kanzu mpya. Ile ya jinai ilikaa mpaka mwaka 1930.

Mwaka 1902 ngazi iliongezwa vipandio. Ikaundwa Mahakama Kuu ya himaya, na juu yake Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki, iliyohudumia nchi kadhaa kwa pamoja. Juu kabisa, ng'ambo ya bahari, lilikuwako Baraza la Faragha la Mfalme, London. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ilihamishwa kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ikifuata reli na serikali, na tangu hapo pwani imekuwa ikiendewa na majaji wa kuzunguka au waliowekwa, lakini kiti chenyewe hakikurudi.

Mwaka 1921, baada ya himaya kugeuzwa koloni, mahakama hiyo ilibadilishwa jina ikaitwa Mahakama ya Juu ya Kenya. Hapa nawaomba wasomaji wangu watulie kidogo, kwa kuwa majina haya yamewapoteza hata wasomi. Jina hilo la mwaka 1921, kwa Kiingereza chake, ndilo lile lile tulilolipata tena mwaka 2010. Lakini kitu si kimoja. Ile ya wakoloni iliitwa ya Juu na haikuwa juu. Juu yake palikuwa na mahakama mbili. Ilikuwa kama mtoto aliyeitwa Sultani akiwa bado anachunga mbuzi.

Mfano wa ngazi ile u karibu na Sugoi, kwani Kapenguria haiko mbali na huku. Waipita Kitale na ukafika. Huko ndiko Jomo Kenyatta na wenzake watano walikohukumiwa tarehe 8 Aprili 1953 na Hakimu Thacker, kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Mawakili wao wakakata rufaa, na mwezi wa Julai mwaka ule Mahakama ya Juu ya koloni ikaivunja hukumu hiyo kwa sababu hakimu hakuwa na mamlaka ya kuhukumu mahali pale. Wazee waliokuwa hai wakati huo wangeweza kudhani haki imepatikana. La. Serikali ilipanda kipandio cha juu, na Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki ikairudisha kesi. Mwaka 1954 Baraza la Faragha likakataa hata kuwasikiliza wafungwa. Kwa hiyo mwenye kuuliza ni mahakama gani iliyokuwa ya juu katika Kenya ya wakati ule, jawabu ni kuwa iliyo juu haikuwa Kenya.

Na huku pwani sisi tulikuwa na ngazi yetu nyingine iliyosimama kando ya ile: Maliwali, Mamudiri na Makadhi, pamoja na Kadhi Mkuu. Kiti hicho cha Kadhi Mkuu kilikaliwa na wanazuoni, si makarani. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye maandishi yake yaliwaamsha Waislamu wa pwani tangu miaka ya 1930, alikuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1937 mpaka alipofariki 1947, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baadaye alikikalia Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyeifasiri Kurani kwa Kiswahili. Uhuru ulipokaribia, hofu ikaingia: Sultani akiuacha ukanda wa pwani, Kadhi atakuwa wapi? Ndipo Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walipoandikiana na kukubaliana kwamba mamlaka ya Kadhi juu ya Waislamu yatahifadhiwa daima katika ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Ahadi hiyo ikaingizwa katika katiba. Sheria ya Mahakama za Kadhi ikafuata mwaka 1967. Mwenye kukata rufaa kutoka kwa Kadhi humwendea jaji wa Mahakama Kuu, naye jaji hukaa na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama washauri. Hivyo kamba ya kwetu ikafungwa katika ngazi yao.

Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, lile jina la Juu liliondolewa, ikawa Mahakama Kuu. Njia ya London ikazibwa miaka hiyo hiyo. Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika, Kitili Mwendwa, aliwekwa mwaka 1968. Ile Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki ilibaki peke yake juu ya Kenya, Uganda na Tanzania mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na kila nchi ikachukua vyake. Kenya ikaunda Mahakama yake ya Rufaa mwaka huo, na kwa miaka thelathini na tatu hiyo ndiyo iliyokuwa kikomo.

Miaka hiyo sitaieleza yote. Yatosha kusema kwamba mwaka 1988 katiba ilibadilishwa majaji wakaondolewa kinga ya kazi yao, ikawa rais aweza kuwafuta. Kinga hiyo ikarudishwa 1990. Waislamu walipata Jaji Mkuu mmoja, Abdul Majid Cockar, aliyekalia kiti toka 1994 hadi 1997. Lakini kwa watu wa kawaida, mahakama ilipimwa kwa kesi za uchaguzi. Baada ya uchaguzi wa 1992, Kenneth Matiba alipinga ushindi wa Daniel arap Moi. Matiba alikuwa amepooza tangu alipokuwa kizuizini, hakuweza kuandika vyema, na mkewe ndiye aliyetia sahihi kwa idhini yake. Kesi ikatupwa, ati sahihi si yake. Baada ya uchaguzi wa 1997, Mwai Kibaki naye akaenda. Kesi yake ikatupwa kwa kuwa hakumkabidhi Moi hati mkononi. Mahakama ya Rufaa ikathibitisha hivyo mwaka 1999. Jamani, ni raia gani wa kumvizia rais mlangoni mwa Ikulu, na askari wamesimama, ampe karatasi ya mashtaka mkononi? Hayo yalikuwa maamuzi ya watu wenye elimu, na yaliandikwa kwa Kiingereza kizuri sana.

Mzee wangu wa Sugoi alizikumbuka kesi hizo zote mbili. Aliyatikisa mabaki ya mursik katika kibuyu, akasema, "Ndiyo maana 2007, walipotuambia twende kortini, watu walicheka." Kisha akanyamaza, nami sikumhimiza.

Yaliyofuata ule uchaguzi wa Desemba 2007 yaliiumiza Uasin Gishu kuliko sehemu nyingi. Upande wa Raila Odinga ulikataa kwenda mahakamani, ukisema majaji ni wa waliokwisha kujitangaza. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto, wakaangamia. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika nchi nzima. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008 mbele ya Kofi Annan. Mzee aliniambia jambo moja tu juu ya siku zile: kwamba majirani zake wa miaka thelathini waliondoka usiku na hawakurudi, na shamba lao sasa linalimwa na mwingine. "Mti wa kokwet upo pale," alisema. "Hakuna aliyekaa chini yake wiki ile."

Katika majivu hayo ndimo ilimozaliwa Mahakama ya Juu ya leo. Walioandika katiba mpya walisema pawe na mahakama ya watu saba, Jaji Mkuu ndiye rais wake na naibu wake ndiye makamu, na ikae kwa majaji wasiopungua watano. Na kesi ya urais isiende kokote ila huko. Mwenye kulalamika ana siku saba tangu kutangazwa matokeo, na mahakama ina siku kumi na nne za kuamua tangu kesi kufikishwa. Sahihi na hati za mkononi hazingekuwa tena mtego wa kumnasa mlalamishi.

Lakini angalieni ajabu ya mambo. Kura ya maoni ilipopigwa tarehe 4 Agosti 2010, waliosema Ndiyo walipewa rangi ya kijani, na waliosema La walipewa nyekundu. Kiongozi wa wekundu alikuwa William Ruto. Makanisa mengi yalikuwa upande wake, na moja ya sababu zao kubwa ilikuwa sisi: hawakutaka Kadhi atajwe katika katiba. Mwezi wa Mei mwaka huo huo majaji watatu wa Mahakama Kuu walikuwa wamekwisha kusema kwamba kumtaja Kadhi katika katiba ya zamani hakufai. Uasin Gishu ilipiga La. Nchi ikapiga Ndiyo kwa zaidi ya thuluthi mbili, katiba ikatangazwa 27 Agosti, na Kadhi akabaki katika kifungu cha 170, vifungu saba tu baada ya kile cha 163 kilichoiumba Mahakama ya Juu. Mtu wa Sugoi aliukataa mlango uliokuja kumfungukia, na Kadhi wetu akaingia kwa mlango huo huo. Nilipomwambia mzee haya alicheka mpaka akakohoa. Akakiri kwamba yeye pia alipiga nyekundu. "Tuliambiwa mtatuletea sheria yenu," alisema. Nikamwuliza, je, imekufikia? Akasema bado anaingoja.

Majaji wa kwanza walianza kazi Juni 2011. Jaji Mkuu alikuwa Willy Mutunga, aliyewahi kufungwa kizuizini enzi ya Moi, na ambaye watu walibishana juu ya kipuli cha sikioni mwake zaidi ya walivyobishana juu ya elimu yake. Naibu wake alikuwa Nancy Baraza. Wengine ni Philip Tunoi, Jackton Ojwang, Mohammed Ibrahim, Smokin Wanjala na Njoki Ndung'u. Hawajapoa vitini wakashtakiwa: chama cha mawakili wanawake kilidai kwamba wanawake wawili kati ya saba ni kuvunja katiba, lakini Mahakama Kuu ikakataa dai hilo Agosti mwaka huo. Kabla ya mwaka kuisha naibu mwenyewe akaingia matatani kwa ugomvi na mlinzi wa duka jijini Nairobi, akajiuzulu Oktoba 2012. Hivyo kesi ya kwanza ya urais ilipofika, vitini walikuwa sita.

Kesi hiyo ni ya 2013. Uhuru Kenyatta, pamoja na Ruto kama mwenza, alitangazwa kupata asilimia 50.07, na Raila Odinga safari hii alikwenda mahakamani badala ya kwenda barabarani. Tarehe 30 Machi majaji sita walisema kwa sauti moja kwamba uchaguzi ni halali. Wanasheria waliilaumu hukumu hiyo sana. Kiapo kirefu cha Raila kilikataliwa kwa kuwa kililetwa kikiwa kimechelewa, na wengi waliona hapo kivuli cha sahihi ya Matiba. Mimi pia naona ilikuwa hukumu dhaifu. Lakini Raila alisema haridhiki ila anatii, na Eldoret ikalala salama. Jambo hilo la pili nalipa uzito kuliko la kwanza, na atakayenibishia na aje kwanza amsikilize mzee wa Sugoi.

Mwaka 2017 mambo yaligeuka. Jaji Mkuu alikuwa David Maraga, Msabato aliyesema waziwazi tangu alipohojiwa kwamba hatakaa mahakamani siku ya Jumamosi, na sisi tuaminio ibada ya Ijumaa hatuwezi kumcheka kwa hilo. Tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili waliufuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Mohammed Ibrahim alikuwa ameugua hakukaa kuamua. Halikuwa limewahi kutokea Afrika. Huku Sugoi, mzee aliniambia, watu walisimama kando ya redio kama waliopigwa na radi. Hakuna ghala lililochomwa siku ile. Uchaguzi ulirudiwa 26 Oktoba. Raila akaususia, na hayo ni mambo mengine.

Na mwaka 2022 Ruto alitangazwa kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Majaji saba wakiongozwa na Martha Koome, mwanamke wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, waliithibitisha tarehe 5 Septemba bila ya hata mmoja kukataa. Sugoi palichezwa mpaka alfajiri.

Hizo ndizo kesi za urais, zinazotangazwa redioni. Zipo nyingine zinazoingia majumbani mwetu kimya kimya. Tarehe 30 Juni 2025 mahakama hii iliamua kesi ya mirathi iliyotoka kwetu Mombasa, ya marehemu Mwislamu aliyeacha watoto aliowazaa nje ya ndoa. Fiqhi yetu ya Kishafi yajulikana: mtoto wa namna hiyo hurithi kwa mama, wala harithi kwa baba; baba aweza kumwusia katika thuluthi ya mali yake. Mahakama ya Juu, ikikubaliana na Mahakama ya Rufaa, ilisema kuwanyima watoto hao ni ubaguzi ambao katiba haiukubali, na kwamba kile kifungu cha 24 kinachowaachia Waislamu sheria yao chapaswa kusomwa kwa ufinyu. Khutba nyingi zilisomwa juu ya hukumu hii. Kwa upande mmoja naona mtoto hakuchagua mlango aliozaliwa, na anayemwonea huruma hakukosea. Kwa upande wa pili nakumbuka barua za Oktoba 1963, na lile neno "daima". Waliotia sahihi barua zile hawakudhani kwamba siku moja majaji wa Nairobi ndio watakaopima upana wa neno hilo kwa vidole vyao. Wala wengi wetu tuliopiga kijani 2010 hatukusoma kifungu cha 24 pamoja na cha 170. Tulitazama kama jina la Kadhi limo, tukafurahi.

Sasa nirudi kwa swali la mzee. Nilimweleza ngazi yote kama nilivyoieleza hapa, kutoka Mombasa hadi London hadi Nairobi, naye akasikiliza kama mtu wa kokwet asikilizavyo, bila ya kunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Kwa hivyo hakuna mahali."

Nikamwambia pana mahali pamoja, kwa mbali. Martha Karua, ambaye mwaka 2022 alikuwa mgombea mwenza wa Raila, alikuwa amegombea ugavana wa Kirinyaga mwaka 2017 akashindwa, akaenda mahakamani, na kesi yake ikazungushwa mpaka Mahakama ya Juu ikaitupa mwaka 2019. Hakukoma. Aliipeleka Kenya mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, na Novemba 2020 majaji wa huko wakasema kwamba Kenya, kwa kitendo cha mahakama zake, ilimvunjia haki yake ya kusikilizwa, wakaamuru alipwe dola 25,000. Ugavana hakuupata, maana muda ulikwisha kwenda, na Arusha haina mkono wa kuifuta hukumu ya Nairobi. Lakini ilisemwa, na ikaandikwa, kwamba hata walio juu waweza kukosea.

Mzee alifikiri kidogo. Kisha akamgeukia mpwa wangu, ambaye ndiye msafiri, akamwuliza basi la kutoka Eldoret hadi Arusha ni nauli kiasi gani.